Madam C. J. Walker, dobi aliyetajirika kwa mafuta ya nywele

Katika makanisa yetu ya mashariki mazungumzo juu ya nywele hayaishi. Wako wahubiri wanaokemea dawa za kulainisha nywele na nywele za bandia. Wako wamama wanaojibu kwamba kazi ya kusuka ndiyo inayolipa pesa za masomo ya watoto wao. Mara nyingi kila upande unasema bila kusikia upande wa pili. Leo hatutaki kukata shauri hilo. Tunataka kusimulia maisha ya mwanamke mmoja mweusi wa Marekani, mshiriki wa kanisa la Kimethodisti, aliyeusikia ugomvi huo huo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na yeye mwenyewe akiwa katikati yake.

Dunia inamjua kwa jina la Madam C. J. Walker. Jina alilopewa na wazazi ni Sarah Breedlove. Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 huko Delta, katika jimbo la Louisiana, kwenye shamba la pamba ambapo baba yake Owen na mama yake Minerva walikuwa wametumikishwa kama watumwa. Utumwa ulikuwa umekwisha kufutwa, na Sarah alikuwa wa kwanza katika nyumba yao kuzaliwa akiwa huru. Lakini uhuru ule haukuleta shamba, wala nyumba, wala shule. Wazazi walibaki kulima pamba mahali pale pale. Alipofikisha miaka saba, wote wawili walikuwa wamekwisha kufa.

Yatima yule alikwenda kukaa kwa dada yake mkubwa, Louvenia. Wakavuka mto Mississippi kutafuta kazi katika mji wa Vicksburg. Mume wa dada yake alikuwa mtu mkali sana, na Sarah alipata njia moja tu ya kutoka katika nyumba ile: aliolewa akiwa na miaka 14. Mwaka wa 1885 alizaa binti, Lelia. Kabla mtoto hajakua, mume akafa. Sarah akabaki mjane wa miaka 20 mwenye mtoto mkononi, asiyejua kusoma vizuri.

Tunajua kwamba wasomaji wetu wengi hawahitaji kuelezwa hali hiyo.

Ndugu zake wanaume walikuwa wamehamia St. Louis, katika jimbo la Missouri, na huko walifanya kazi ya kinyozi. Sarah akawafuata. Yeye akapata kazi ya kufua. Kufua kwa siku zile kulikuwa kubeba maji, kuwasha moto, kuchemsha mashuka ya watu kwenye sufuria kubwa, kusugua kwenye ubao kwa sabuni kali iliyokula ngozi ya mikono, kukamua, kuanika, kupiga pasi, kisha kurudisha nguo kwa wenyewe. Malipo yalikuwa kama dola moja na nusu kwa siku. Alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, karibu kumi na minane. Baadaye alipenda kusimulia kwamba siku moja, akiwa ameinama juu ya beseni, aliitazama mikono yake ndani ya povu na kujiuliza ni nani angemtunza siku mgongo wake utakapokataa. Hakupata jibu.

Hapa ndipo kanisa linaingia katika habari hii, na tunaomba msomaji asipite haraka, kwa sababu wengi wanaoandika juu ya utajiri wake hulipita. Sarah alijiunga na kanisa la St. Paul, moja ya makanisa ya African Methodist Episcopal, yaani dhehebu la Kimethodisti lililoanzishwa na watu weusi wa Marekani wenyewe. Katika kanisa hilo walikuwamo wamama waliosoma, wake za walimu na wa wafanya biashara wadogo, nao walikuwa na chama cha kuwasaidia wageni na maskini waliotoka kusini. Walimpokea yule dobi. Walimsaidia katika malezi ya binti yake. Sarah akaimba katika kwaya, akakaa nao, akatazama namna walivyovaa, walivyosema na walivyoongoza mkutano. Kwa senti alizoweka kando kidogo kidogo alimpeleka Lelia chuoni huko Knoxville, katika jimbo la Tennessee. Sisi tunaona kwamba shule ya kwanza ya biashara aliyosoma Sarah ilikuwa chama kile cha wamama.

Sasa tufike kwenye nywele. Katika miaka ya 1890 nywele zake zilianza kukatika na kuanguka, hata akawa na upara mahali mahali. Hakuwa peke yake. Nyumba nyingi za maskini hazikuwa na maji ya bomba, kwa hiyo watu waliosha kichwa mara chache sana, pengine mara moja kwa mwezi, na wakati wa baridi hata hivyo hapana. Chakula kilikuwa haba. Sabuni iliyotumiwa kwa nguo ndiyo iliyotumiwa kwa mwili. Ngozi ya kichwa ilijaa mba na vidonda, na ngozi ikiugua, nywele haziwezi kushika. Wamama wetu wanaochota maji kwa bidoni na kuyagawa kati ya chakula, nguo na watoto wanaelewa mara moja ugonjwa huu unatoka wapi. Haukuwa ugonjwa wa rangi ya mtu. Ulikuwa ugonjwa wa kukosa maji.

Wakati ule huko St. Louis alikuwapo mwanamke mwingine mweusi, Annie Turnbo, ambaye baadaye aliitwa Annie Malone. Yeye alikuwa ametengeneza mafuta yake ya nywele na kuyauza nyumba kwa nyumba, na kampuni yake ikajulikana kwa jina la Poro. Sarah alitumia dawa za Annie, kisha akawa mmoja wa wauzaji wake. Mwaka wa 1905 alihamia Denver, katika jimbo la Colorado, akiwa na akiba isiyofika dola mbili. Huko alipika katika nyumba ya mwenye duka la dawa, na saa zilizobaki akauza mafuta. Mwanzoni mwa 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyejua kazi ya matangazo ya magazeti, na akaanza kuuza mafuta yake mwenyewe chini ya jina jipya: Madam C. J. Walker.

Juu ya asili ya mafuta hayo tunapaswa kusema wazi. Yeye mwenyewe alieleza miaka yote kwamba aliomba Mungu, na kwamba usiku mmoja katika ndoto mtu mweusi alimtokea na kumwonyesha vitu vya kuchanganya, vingine vikitoka Afrika. Watu waliipenda habari hiyo, na makanisani iliwagusa. Lakini Annie Turnbo hakuiamini hata kidogo. Alilalamika hadharani kwamba kuna watu wanaoiga kazi yake. Nasi tukitazama vilivyokuwa ndani ya kopo hatuoni kitu ambacho hakikujulikana: vazelini, nta ya nyuki, mafuta ya nazi, salfa, na manukato ya kufunika harufu ya salfa. Salfa ilikuwa dawa ya ngozi tangu zamani sana. Hatuwezi kuingia katika ndoto ya mtu na kuipima. Tunachoweza kusema ni kwamba alikuwa na deni kwa Annie, na katika hadithi aliyopenda kuisimulia deni hilo halikutajwa.

Dawa ilisaidia kwa sababu ilikuwa na mafundisho. Madam Walker hakuuza kopo tu. Aliwafundisha wanawake kuosha kichwa mara kwa mara, kusugua ngozi taratibu, kupaka salfa pale penye mba, kuchana bila kukata nywele. Kopo moja la dawa yake kubwa liliuzwa senti 50. Kwa dobi hiyo ilikuwa theluthi ya mshahara wa siku, si bei ndogo, na bado walinunua.

Akasafiri. Alikwenda kusini yote, mji kwa mji, akisimama katika makanisa ya watu weusi, kwa maana hapakuwa na ukumbi mwingine ambamo wangekusanyika bila kufukuzwa. Baada ya ibada au jioni ya kesho yake alionyesha kazi yake mbele ya wamama, na kabla ya kuondoka alikuwa amepata wachache wa kufundishwa. Mwaka wa 1908 alifungua ofisi na shule ya mafunzo huko Pittsburgh, akaiita chuo cha Lelia. Mwaka wa 1910 alichagua mji wa Indianapolis kwa sababu njia nyingi za reli zilipita hapo na vifurushi vingeweza kufika kila upande. Akajenga kiwanda. Mwaka wa 1911 kampuni iliandikishwa rasmi kwa sheria. Ndoa na Walker ilivunjika mwaka uliofuata, lakini jina alibaki nalo, kwa sababu lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye makopo.

Mwanasheria wake, Freeman Ransom, alishika hesabu na mara nyingi alijaribu kumzuia asitumie pesa haraka. Kwa kawaida alishindwa. Mara tu alipokuwa amefika Indianapolis, vijana weusi walikuwa wakitafuta pesa za kujenga nyumba ya chama cha YMCA. Madam Walker aliahidi dola 1,000. Hakuna mwanamke mweusi aliyekuwa ametoa kiasi kama hicho kwa YMCA, na magazeti ya watu weusi yakalichapa jina lake kila mahali.

Lakini wababa wakubwa hawakumwona. Mwezi wa Agosti 1912 alikwenda Chicago kwenye mkutano wa chama cha wafanya biashara weusi, kilichoongozwa na Booker T. Washington, kiongozi maarufu kuliko wote kwa siku zile. Walisimama wenye benki, wenye magazeti, wenye mashamba, kila mmoja akaeleza kazi yake. Mwenye gazeti mmoja wa Indianapolis aliomba Madam Walker apewe nafasi. Washington akageukia mtu mwingine. Siku ya mwisho yule mama alisimama mwenyewe bila kuitwa, akaeleza mbele ya mkutano wote njia aliyopita, kutoka shamba la pamba hadi beseni la kufulia, kutoka beseni hadi jikoni mwa watu, na kutoka jikoni hadi kiwanda kilichojengwa kwenye kiwanja chake. Washington hakusema neno. Mwaka uliofuata alimwalika azungumze rasmi, na alipofika Indianapolis kuzindua nyumba ile ya YMCA alilala katika nyumba ya Madam Walker.

Tumekuta mtu akiuliza kama kusimama namna ile mbele ya wazee kulikuwa kukosa heshima. Sisi tunafikiri alikuwa amengoja siku za kutosha.

Kazi ikavuka bahari. Mwaka wa 1913 alisafiri kwenda Jamaika, Kuba, Haiti, Kosta Rika na Panama kutafuta wauzaji. Kufikia mwisho wa maisha yake kampuni ilihesabu wanawake wapatao 20,000 waliofundishwa kazi yake. Wengi wao walikuwa wamekuwa madobi na wapishi. Mtu aliyepata dola moja na nusu kwa kuchemsha mashuka ya wengine sasa alipata zaidi ya hiyo kwa siku moja katika chumba chake mwenyewe, na hakuna bibi wa kumwamuru. Aliwaunganisha katika vyama, kila mji na chama chake, vyenye michango ya mazishi na ya msaada. Mwaka wa 1917 wajumbe zaidi ya mia mbili walikutana Philadelphia, ndani ya kanisa la Wabatisti. Zawadi hazikutolewa kwa aliyeuza zaidi peke yake. Zilitolewa pia kwa chama kilichotoa sadaka nyingi zaidi kwa maskini.

Mkutano ule ulifanyika katika majira mabaya. Mwezi wa Julai mwaka ule huo wazungu wa East St. Louis walikuwa wamewashambulia watu weusi, wakaua wengi na kuchoma nyumba zao. Ulikuwa mji wa ng'ambo tu ya mto kutoka pale Sarah alipofulia nguo. Madam Walker alijiunga na viongozi wa Harlem waliokwenda Washington kupeleka malalamiko kwa rais Wilson dhidi ya mauaji hayo. Rais hakuwapokea. Basi wauzaji wa mafuta ya nywele, wamekusanyika kwa ajili ya biashara yao, walimwandikia rais simu ya kudai sheria dhidi ya watu wanaoua weusi bila hukumu. Tunatamani tujue vyama vingapi vya biashara leo vinathubutu jambo kama hilo.

Tumeahidi kurudi kwenye ugomvi. Hata wakati wake walikuwapo wachungaji waliohubiri kwamba Mungu angetaka watu weusi wawe na nywele zilizonyooka angewaumba nazo. Neno hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Namna ya kazi ya Walker ilitumia chanuo la chuma linalopashwa moto, na chanuo hilo hunyoosha nywele. Yeye hakulibuni, ingawa wengi husema hivyo. Lilikuwapo kabla yake. Lakini alilieneza. Na hakuna anayeweza kusema kwamba mwanamke mweusi wa 1910, aliyecheka na kuchekwa kwa sababu ya nywele zake, alikwenda kunyoosha bila kufikiri jinsi wazungu wanavyomtazama.

Yeye alikasirika sana alipoitwa mnyoosha nywele. Alisema kazi yake ni kuponya ngozi na kukuza nywele. Katika matangazo yake alitumia uso wake mwenyewe, mweusi, mpana, bila kuupunguza, katika siku ambapo makampuni mengine yalichora wanawake karibu weupe. Na wakati wa uhai wake kampuni haikuuza dawa ya kuchubua ngozi. Hilo tunalisema kwa makusudi, kwa sababu baada ya kifo chake mambo yaligeuka: kampuni ile ile ilianza kuuza dawa ya kung'arisha rangi, jina lake Tan-Off. Masoko yetu yamejaa dawa za aina hiyo, na tumeona nyuso zilizoharibiwa nazo. Tukimpima Madam Walker, basi tumpime kwa aliyoyauza yeye.

Tena, baadhi ya kampuni zilizomfuata hazikubaki mikononi mwa watu weusi. Soft Sheen, iliyoanzishwa na watu weusi wa Chicago, ilinunuliwa na L'Oréal ya Ufaransa mwaka wa 1998. Kiwanda cha Walker huko Indianapolis kilikuwa kimekwisha kufungwa katika miaka ya 1980. Jengo lililofunguliwa mwaka wa 1927 kwa jina lake lingali limesimama, nalo ni ukumbi wa utamaduni. Na jina lenyewe liliuzwa na kununuliwa mara kadhaa.

Turudi kwake. Mwaka wa 1918 alihamia katika nyumba kubwa aliyojengewa kando ya mto Hudson, karibu na New York, yenye vyumba zaidi ya thelathini. Mchoraji wake alikuwa Vertner Tandy, mwanamume mweusi. Majirani walikuwa matajiri wa kizungu. Hatutaficha kwamba nyumba ile inatutatiza kidogo tunapofikiria madobi waliotoa senti 50. Yeye alieleza kwamba alitaka vijana weusi waione na kujua kwamba mtu wao anaweza. Huenda. Tunajua pia kwamba alikuwa mgonjwa tayari, shinikizo la damu limekwisha kuharibu figo zake, na daktari alikuwa amemwambia apumzike. Hakupumzika. Alitoa pesa kwa shule ya Mary McLeod Bethune huko Florida, akasaidia kulipa deni la nyumba ya Frederick Douglass ili isipotee, akawa na ndoto ya kujenga Afrika shule ya ufundi kama ile ya Tuskegee. Ndoto hiyo haikutimia. Katika wiki zake za mwisho aliahidi dola 5,000 kwa shirika la NAACP katika vita dhidi ya mauaji ya weusi.

Alikufa Jumapili asubuhi, tarehe 25 Mei 1919, akiwa na miaka 51. Wengi humwita mwanamke wa kwanza wa Marekani aliyepata milioni ya dola kwa jasho lake, lakini yeye mwenyewe alikuwa amekana kwamba amefika hapo, na hesabu ya mali aliyoacha haikufika. Katika wasia wake aligawa pesa kwa makanisa, shule, nyumba za yatima na nyumba za wazee, na akaagiza kwamba theluthi mbili za faida ya kampuni itakayopatikana baadaye ziende kwa kazi za huruma. Aliagiza pia kwamba kiongozi wa kampuni awe mwanamke daima.

Na Annie Malone? Aliishi hadi 1957. Naye alitajirika, naye alitoa, na nyumba ya yatima weusi ya St. Louis ikaja kuitwa kwa jina lake. Hatujasoma popote kwamba wanawake hao wawili walipatana.

Lelia, mtoto yule wa mjane wa Vicksburg, hakuwapo mama yake alipokata roho. Alikuwa Panama, amekwenda kuuza.